Zawadi za karatasi na matembezi ya bei nafuu Dar es Salaam: mwongozo kamili

Anayenunua zawadi ya siku ya kuzaliwa dukani hulipia vitu vitatu: zawadi yenyewe, mfuko unaong'aa, na kadi. Viwili vya mwisho huishia kwenye pipa la taka hata kabla kipande cha pili cha keki hakijakatwa. Matembezi nayo yana ugonjwa huohuo. Ufukwe hauna kiingilio, lakini soda, chipsi mayai na bajaji ya kurudi usiku hutoa pesa ambazo hakuna aliyezipangia. Kwa hiyo kubana matumizi hapa si kumpa mtu kitu duni wala kuwanyima watoto safari, ni kuziba mianya hiyo.

Mwongozo huu unaanza na kazi nne za karatasi: bahasha na kadi yake, daftari la mfukoni, mfuko wa zawadi, na kitabu cha tiketi za matembezi. Hicho cha nne ndicho kinachounganisha mambo mawili, kwa sababu unampa mtu karatasi lakini anachopokea ni siku ya kutoka. Sehemu ya pili ni matembezi yenyewe, kwa mkazi wa Dar es Salaam.

VIFAA

Steshenari utanunua vitu vitatu tu: karatasi nyeupe za A4 za gramu 80, manila mbili au tatu za rangi unazopenda, na chupa ndogo ya gundi nyeupe. Usinunue rimu nzima yenye karatasi 500 kama huna matumizi mengine nayo. Steshenari nyingi hukuhesabia karatasi moja moja, na 30 zinatosha kazi zote za hapa.

Vilivyobaki viko nyumbani. Tafuta kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, boksi la dawa ya meno au la sabuni, khanga iliyochakaa, mshumaa, shazia au sindano nene, uzi, wembe, na kalamu iliyokwisha wino. Usiitupe kalamu hiyo, maana ndiyo itakayochora mikunjo: ncha yake inabonyeza karatasi bila kuacha alama ya wino wala kuikata.

Rula iwe ya chuma. Ya plastiki huliwa na wembe, na baada ya mara tatu nne ukingo wake unakuwa na mawimbi, na kila unachokata kinafuata mawimbi hayo. Chini ya karatasi weka kipande cha boksi zito, usikatie moja kwa moja juu ya meza. Wembe ukianza kuvuta manyoya badala ya kukata, badilisha. Wembe butu ndio unaokata vidole, kwa sababu unaukandamiza kwa nguvu halafu unateleza. Kazi ya wembe ni ya mtu mzima. Watoto wapewe kukunja na kupaka gundi.

UPANDE WA KARATASI

Karatasi ni kama mbao, ina nyuzi, na nyuzi hizo zimelala kuelekea upande mmoja. Ukikunja kwa kuzifuata, mkunjo unanyooka na kutulia. Ukikunja kwa kuzikatisha, manila inapasuka juu ya mkunjo, na daftari linabaki limefunua mdomo hata ukililaza chini ya matofali. Wengi hudhani hawana mkono mwepesi, kumbe wamekunja upande usio wake.

Kupima ni rahisi. Shika manila, ipinde taratibu kama unayetaka kuikunja, kisha izungushe na uipinde upande wa pili. Upande unaopinda bila ubishi ndio unaofuata nyuzi. Kama bado huna uhakika, chana kipande cha pembeni: kikichanika mstari ulionyooka, umefuata nyuzi, kikienda upogo, umezikatisha.

A4 za kawaida za kuchapia mara nyingi nyuzi zake zimelala kwa urefu wa karatasi. Maana yake, ukiikunja A4 nzima katikati kutengeneza daftari la ukubwa wa A5, unakatisha nyuzi. Lakini ukiikata kwanza vipande viwili vya A5, kisha ukakunja kila kipande katikati, mkunjo unafuata nyuzi. Ndiyo sababu daftari la mwongozo huu ni dogo, la A6, sentimita 10.5 kwa 14.8. Linaingia mfukoni, linafunguka vizuri, na halihitaji mashine.

GUNDI YA UNGA

Gundi nyeupe ya dukani ni nzuri, lakini kwa kubandika kitambaa juu ya manila au karatasi juu ya karatasi, gundi ya unga wa ngano inafaa zaidi. Inachelewa kukauka, kwa hiyo unapata muda wa kuvuta na kunyoosha.

Chukua vijiko 4 vya chakula vya unga wa ngano na kikombe 1 cha maji, yaani mililita 250. Koroga unga kwanza na maji kidogo ya baridi hadi madonge yaishe, ndipo umimine maji yaliyobaki. Bandika kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika 3 hadi 5, mpaka ule weupe wa unga mbichi ugeuke na mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Epua, acha upoe kabisa. Ukiupaka wa moto, karatasi inakunjamana.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kupaka nyingi: karatasi inalowa, inavimba, na ikikauka inajikunja kama papai la kukausha. Paka safu nyembamba kwa brashi au kidole, kuanzia katikati kwenda pembeni. La pili ni kuikausha bila uzito. Kazi yoyote iliyopakwa gundi ya unga ilale chini ya vitabu vizito usiku mzima, na katikati yake uweke karatasi ya nailoni ili isigande na kitabu cha juu. Wakati wa masika ipe siku mbili.

Gundi hii haidumu. Kwenye joto la Dar inaanza kunuka siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo pika kidogo. Na kwa kuwa ni chakula, mende wanaipenda. Daftari lililobandikwa nayo lisikae jikoni.

BAHASHA NA KADI KUTOKA KARATASI MBILI

Kadi: kata A4 moja vipande viwili, chukua kimoja, kikunje katikati. Umepata kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8. Ukitumia manila, kata kipande cha sentimita 21 kwa 14.8, pima nyuzi kwanza, chora mstari wa katikati kwa kalamu iliyokwisha wino na rula, ndipo ukunje. Sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko, si kwa ukucha, maana ukucha huacha alama inayong'aa kwenye karatasi ya rangi.

Bahasha: chukua A4 nyingine uifanye mraba wa sentimita 21 kwa 21. Kuupata mraba bila kupima, shika kona ya juu, ipeleke hadi ukingo wa pili upande ule mrefu, halafu kata kipande kinachobaki chini. Kipande hicho, sentimita 21 kwa 8.7, usikitupe, ni alamisho la kitabu au kadi ya jina.

Laza mraba kama kishada, kona moja ikiwa juu. Weka kadi katikati, imelala kwa upana. Kunja kona ya kushoto na ya kulia juu ya kadi. Zitakaribiana sana bila kugusana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kunja kona ya chini ipande juu, itoe kadi nje kabla ya kupaka gundi (utashangaa wangapi hubandika kadi ndani), kisha paka gundi nyeupe nyembamba kwenye kingo mbili za kona ya chini tu na uibandike juu ya zile za pembeni. Kona ya juu ndiyo kifuniko.

Acha nafasi ya milimita 2 kila upande wa kadi unapokunja. Ukikunja kwa kubana, kadi haitaingia tena baada ya gundi kukauka, kwa sababu unene wa karatasi yenyewe unakula nafasi.

Tengeneza bahasha moja ya ziada. Kazi yake utaiona kwenye matembezi.

DAFTARI LA MFUKONI LENYE KURASA 48

Hii ndiyo zawadi inayofaa watu wengi: mwanafunzi, fundi anayeandika vipimo, mama wa mchezo wa kupeana anayeandika zamu za wenzake.

1. Kata A4 sita kila moja vipande viwili. Una vipande 12 vya A5.

2. Kunja kila kipande katikati, peke yake, na usugue mkunjo. Ukikunja 12 kwa pamoja, za ndani hazipati mkunjo mkali na mgongo unakuwa wa duara. Ziingize moja ndani ya nyingine. Utapata kijitabu cha karatasi ndogo 24, yaani kurasa 48.

3. Kata jalada la manila sentimita 21.8 kwa 15.4. Hilo linaacha milimita 3 za kuzidi juu, chini na mbele, na nafasi kidogo ya mgongo. Nyuzi za manila zifuate mgongo.

4. Fungua kijitabu katikati, kilaze ndani ya jalada, bana kwa vibanio viwili vya nguo. Weka alama tatu kwenye mkunjo: moja katikati kabisa, mbili kila moja sentimita 2 kutoka mwisho. Toboa kwa shazia kutoka ndani kwenda nje, juu ya kitabu cha simu cha zamani au taulo lililokunjwa. Shazia lisimame wima. Likiinama, tundu la nje linatoka pembeni ya mgongo na mshono unaonekana umepinda, kosa ambalo halirekebishiki.

5. Kata uzi sentimita 50. Uzi wa fundi viatu ni bora. Wa cherehani unafaa ukikata mita 1, ukaukunja katikati na kuupitisha kwenye mshumaa mara tatu, kwani nta inauzuia kujisokota na kukata karatasi.

6. Ingia tundu la katikati kutoka ndani, acha mkia wa sentimita 8. Nje, nenda tundu la juu, ingia ndani. Ndani, ruka la katikati, shuka hadi tundu la chini, toka nje. Rudi tundu la katikati, ingia ndani.

7. Sasa una mikia miwili ndani na uzi mrefu unaopita kati ya tundu la juu na la chini. Mikia iwe pande mbili tofauti za uzi huo mrefu. Vuta kufuata mgongo, usivute kwenda juu, maana utachana karatasi. Funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu, kata mikia ibaki sentimita 1.

Ukingo wa mbele utaona karatasi za katikati zimejitokeza kwa karibu milimita moja. Si kosa lako; kila karatasi inazunguka nyingine, kwa hiyo ya ndani inasukumwa mbele. Unaweza kuzikata kwa wembe na rula kwa mapigo mepesi mengi, au uziache. Kwa sababu hiyohiyo usizidishe vipande 12 kwa mshono mmoja. Anayetaka daftari nene zaidi ashone mawili ayafunge kwa utepe.

Kwa jalada la kuvutia, kabla ya kushona, paka gundi ya unga juu ya manila na ubandike kipande cha khanga iliyochakaa, kikizidi sentimita 1.5 kila upande. Geuza, kata kona nne kwa mshazari, kunja kingo ndani, laza chini ya uzito. Mji wa khanga una maua makubwa ambayo hupotea kwenye jalada dogo. Pindo lina michoro midogo inayokaa vizuri zaidi. Na kama jina la khanga ni fupi, likate lote ulibandike mbele. Hapo chagua kwa akili. Jina la kumsema jirani halifai kwenye zawadi ya mkwe.

MFUKO WA ZAWADI KUTOKA KALENDA

Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania, mfuko wa karatasi umekuwa kitu cha kawaida, lakini ule wa zawadi bado unauzwa ghali kuliko thamani yake. Karatasi ya kalenda ya ukutani ya ukubwa wa A3 inatoa mfuko wa sentimita 13 kwa 7, kimo 20.

Laza karatasi kwa upana, upande wenye picha ukiwa chini. Kutoka kushoto chora mikunjo kwenye sentimita 2, 15, 22 na 35. Ile 2 ya kwanza ni ulimi wa gundi. Zinazofuata ni uso wa mbele, ubavu, uso wa nyuma na ubavu wa pili. Kutoka juu chora mkunjo wa sentimita 4, kutoka chini wa sentimita 5.5. Kunja ile ya juu ndani kwanza, ukiwa umeweka ndani yake vipande viwili vya boksi vya sentimita 12.5 kwa 3, kimoja kila uso. Bila hivyo kamba itachana mfuko njiani. Kisha bandika ulimi upate bomba la pembe nne.

Funga kitako kama unavyofunga boksi: kunja mbavu mbili ndani kwanza, halafu nyuso mbili zipandane. Dondosha ndani kipande cha boksi cha sentimita 12.5 kwa 6.8. Toboa matundu mawili kila uso, pitisha kamba ya katani ya sentimita 35, funga fundo kwa ndani.

Kwenye kazi hii gundi ya unga haifai. Karatasi ya kalenda ina mng'ao unaozuia maji kupenya, kwa hiyo gundi inakauka juu juu na ulimi unabanduka siku ya pili. Tumia gundi nyeupe, na kabla ya kuipaka sugua sehemu itakayobandikwa kwa msasa laini mpaka mng'ao ufe.

Vipande vinavyobaki vya kalenda vinatosha shanga. Wanawake wengi wa Uganda wameifanya kazi hii kuwa biashara. Kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 1.5 na urefu 30, zizungushe kwenye kijiti cha meno kuanzia kitako, bandika ncha. Shanga 12 zinatosha bangili. Zipake vanishi mara mbili. Ukipaka gundi nyeupe pekee, jasho litazilainisha.

KITABU CHA TIKETI ZA MATEMBEZI

Kata manila vipande sita vya sentimita 21 kwa 9.9, na viwili zaidi vya jalada. Kwenye kila tiketi piga mstari sentimita 5 kutoka kushoto. Upande mdogo ni kishina, mkubwa ni tiketi. Ili tiketi ichanike vizuri, ipitishe kwenye cherehani bila uzi juu ya mstari huo, mshono ukiwa mrefu kadiri cherehani inavyoruhusu. Mshono mfupi unatoboa matundu yaliyokaribiana mno na tiketi zinaanguka zenyewe. Asiye na cherehani atoboe kwa sindano na rula, tundu kila milimita 3.

Panga zote pamoja na majalada, toboa matundu matatu sentimita 1 kutoka kushoto, shona kwa uzi uleule wa daftari.

Kinachofanya kitabu hiki kiwe zawadi ni maandishi. Kila tiketi iseme mambo manne bila kupindisha: wapi, nani na nani, nini kimelipiwa, na mwisho wa kutumika. "Siku moja tutaenda baharini" si tiketi, ni ahadi ya mlevi. Andika: "Kigamboni kwa kivuko, wewe na mimi, nauli na mihogo imo, soda haimo, kabla ya tarehe 31 Agosti." Bila tarehe ya mwisho kitabu kitalala kabatini hadi kiliwe na mende. Na bila kutaja kisichomo, mtoto atadai aiskrimu mbele za watu nawe utanunua.

Kishina kibaki na wewe mtoaji. Baada ya safari andika humo ulichotumia kweli. Vishina vitatu vya kwanza vitakuonyesha pesa yako inavuja wapi, na mara nyingi jibu ni safari ya kurudi.

KUPANGA MATEMBEZI

Anza na kikomo, usianze na mahali. Tuseme watu wanne na shilingi 20,000. Toa kwanza nauli ya daladala au mwendokasi kwenda na kurudi. Nusu ya kurudi itie kwenye ile bahasha ya ziada, uibandike, uiweke mfuko tofauti. Bahasha iliyobandikwa unaifungua ukiwa kituoni tu. Kinachobaki ndicho cha kiingilio na cha kununua njiani, na kikiisha kimeisha.

Maji: lita 1 kwa kila mtu, kutoka nyumbani, nusu yake ikiwa imegandishwa kwenye chupa isiyojazwa hadi juu, la sivyo inapasuka. Chakula kiwe kikavu: chapati, maandazi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa. Usibebe wali wa nazi wala maharage ya nazi. Nazi kwenye joto la Dar huchacha kabla ya mchana, na tumbo la mtoto litakugharimu kuliko mgahawa wowote.

Ukitaka kununua kitu kimoja huko, nunua kile ambacho nyumbani hakipatikani vilevile. Mihogo ya kukaanga ya Coco Beach, yenye pilipili na chachandu, ni haki yake. Soda ya chupa ni ileile ya dukani kwenu.

Ufukweni, tazama mwezi kabla ya kutazama ratiba

Coco Beach haina kiingilio, lakini siku mbaya utakuta maji yamejaa hadi juu na hakuna mchanga wa kuchezea. Wavuvi hawapati shida hii kwa sababu wanahesabu mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili hivi baada yake, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani ya Dar, siku hizo maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa karibu saa kumi jioni. Hizo ndizo asubuhi za kutembeza watoto miambani na kutazama kaa na samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Fika saa tatu, na ifikapo saa sita uwe umeondoka miambani, kwa sababu bahari hurudi haraka kuliko mtoto anavyokubali kuitwa.

Wiki moja baadaye ni maji mafu. Maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na asubuhi ndipo yanapojaa. Afadhali kwa wanaotaka kuchovya miguu na kujenga nyumba za mchanga. Kila siku nyakati husogea mbele kwa kama dakika 50. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali tayari: bamvua iko nguvu zaidi tarehe 2 na 3, na tena 16 na 17. Wavalishe watoto viatu vya plastiki. Miamba ya matumbawe inakata kama kioo.

Posta kwa miguu

Asubuhi ya Jumapili, barabara zikiwa zimelala, katikati ya mji ni matembezi ya bure. Shuka mwendokasi mwisho wa Kivukoni. Pita kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara na paa la vigae, endelea hadi kanisa la Mtakatifu Joseph lililojengwa kati ya 1897 na 1902, yote mawili kazi za enzi ya Wajerumani. Geuka Mtaa wa Samora hadi sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waambie watoto watafute alikoelekeza bunduki yake: ni bandarini.

Kutoka hapo nenda Bustani ya Mimea, kuna kivuli cha kula chapati, na Makumbusho ya Taifa iko jirani. Humo lazima uulizie habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Raia hulipa pungufu ya wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kiachie tiketi nyingine. Ukiviunganisha siku moja, watoto watachoka nusu ya pili na utakuwa umelipa kiingilio bure.

Kivuko cha Kigamboni

Kwa mtoto ambaye hajapanda chombo cha majini, kivuko cha Magogoni ndiyo safari yenyewe. Kuvuka ni dakika chache, na unaona meli, ngalawa na mji wote kwa mara moja. Kwenye geti watu hutumia kadi ya N-Card. Iwe na salio kabla, foleni ya kuongeza salio Jumapili mchana inachosha. Kaa juu ukiwa na watoto, acha magari yashuke kwanza.

Upande wa pili, fukwe nyingi ni za hoteli, na hapo kiingilio hufichwa kwenye kinywaji unacholazimika kununua. Uliza getini kabla ya kuvua viatu. Kosa la Kigamboni ni kuchelewa. Baada ya saa kumi na moja jioni Jumapili kila mtu anarudi mjini, foleni ya kivuko inavimba, watoto wanalala begani, na bajaji ya kuzunguka kupitia daraja la Nyerere inameza bahasha ya nauli na zaidi. Panga kurudi saa kumi.

Tiketi za Machi hadi Mei usiziandikie bahari. Masika haina adabu. Ziandikie sehemu zenye paa, kwa mfano Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi, iliyofunguliwa mwaka 1967 na yenye sehemu ya watoto. Mwachie mtoto aende na lile daftari la mfukoni, anakili humo kitu kimoja alichokisoma, nawe uandike kishinani nauli tu.